Bunge la Nyuma ya Mabati

Unga wa mahindi ukitoka kinuni huwa na joto, na joto lile lina harufu yake. Ni harufu tamu yenye dizeli kidogo ndani yake, na hukaa puani hadi uoge. Mimi nilikaa nayo mwaka mzima nilipokuwa na umri wa miaka kumi, kwa sababu chumba tulichopanga Kiwanjani, mtaa mmoja wa Isiolo, mimi na baba yangu, kilikuwa na ukuta mmoja na uga wa posho mill. Nasema ukuta kwa heshima tu. Yalikuwa mabati, tena mabati yaliyokwisha kutumika kwingine, yenye matundu ya misumari ya nyumba iliyovunjwa. Kuanzia asubuhi mashine ilinguruma mpaka vikombe vyetu vikawa vinatembea mezani, na akina mama wakapiga foleni na madebe yao hadi barabarani. Halafu alasiri, baada ya adhana, Lokai aliyeendesha mashine ile aliizima. Kimya kilikuja ghafla, masikio yakabaki yakivuma. Kabla hayajatulia, wanaume walianza kufika mmoja mmoja, wakageuza madebe matupu chini juu, wakaketi kwenye kivuli cha ukuta ule, hatua mbili kutoka kitanda changu, wakaanza kumsema baba yangu.

Baba alikuwa mtu wa idara ya mifugo, kazi yake kuchanja ng'ombe na ngamia kutoka Burat hadi kule Leparua, na mji mzima ulimwita Daktari ingawa yeye mwenyewe alikataa cheo hicho kila mara. Mama alibaki nyumbani Maua na wadogo zangu na nyanya, ambaye hakuwa anaweza kutoka kitandani. Mama alisema mwanamume akiachwa peke yake huanza kula akiwa amesimama, na akishazoea hivyo amekwisha. Kwa hiyo mimi, mkubwa wao, nikafungiwa nguo zangu kwenye mfuko nikapelekwa Isiolo nikamfanye baba yangu aketi. Hakuna aliyeuliza mimi nitaketi na nani. Shuleni, wasichana wa darasa langu walikuwa wema kwangu hadi kengele ya mapumziko ilipolia, kisha wakaingia katika Kiborana na Kisomali chao, wakanisahau. Sikuwalaumu, hata mimi ningekuwa Maua ningeingia katika Kimeru changu. Lakini nilisimama kando ya tangi la maji kila siku nikila mandazi polepole ili mtu asidhani sina shughuli. Nilikuwa mpweke, nalisema wazi sasa kwa vile wakati ule sikuwa na neno la kulisemea.

Na nyumbani ndiko nilikorudi kwa mtu asiyeongea. Sisemi baba alikuwa mkali, la. Hakuwahi kunipiga hata siku moja. Alikuwa mtu ambaye maneno yalimtoka kama dawa kwenye sindano, kipimo tu, halafu basi. "Umekula?" Nimekula. "Umefunga mlango wa nyuma?" Nimefunga. Baada ya hapo alifungua daftari lake la chanjo, nami nikafungua la hesabu, tukakaa meza moja pande mbili tukisikilizana kupumua. Ajabu ni kwamba mtu huyo ndiye aliyekuwa kocha wa timu ya mtaa. Alikuwa amecheza alipokuwa chuoni, beki wa kulia, na mtu mmoja alipomwona Jumapili akirudisha mpira uliotoka nje kwa mguu mmoja safi, habari zikaenea. Kamati ya timu ikaja na chai ya maziwa ya ngamia katika chupa kubwa, ikaomba, naye akakubali kabla hata hajamaliza kikombe. Nadhani yeye pia alikuwa amechoka kula akiwa peke yake, ingawa mimi nilikuwa pale.

Sasa, Isiolo ina adabu yake, na mgeni asipoielewa ataumia. Mitaani baba aliheshimiwa kupita kiasi. Wazee walimpa mkono, salaam aleikum Daktari, na wale wa upande wetu waliokuwa na maduka walimwita ndani, habari ya nyumbani, mvua imenyesha huko? Hakuna aliyemgusia mechi hata kama tulikuwa tumefungwa mabao manne. Kumkosoa mtu usoni, tena mgeni anayekutibia mifugo, ilikuwa aibu ya kwenda nayo kaburini. Kukosoa kulikuwa na mahali pake na saa yake, na mahali penyewe ndipo hapo nyuma ya mabati yetu, tangu alasiri hadi adhana ya magharibi. Walipaita Bunge. Walijua fika kwamba chumba kile ni chetu, na waliona moshi wa jiko letu ukitoka. Lakini kulikuwa na mapatano ambayo hakuna aliyeyatamka: wao wanazungumza kana kwamba nyuma ya bati hamna mtu, na sisi tunaishi kana kwamba nyuma ya bati hamna Bunge. Lililosemwa pale halijasikika na mtu.

Bunge lilikuwa na watu wengi lakini sauti tatu. Ya kwanza ilikuwa ya Guracha, dalali wa mifugo, mtu mrefu mwenye kofia ya kufumwa na koo lililozoea kushindana na mbuzi mia mbili sokoni. Huyu ndiye aliyefungua mjadala na ndiye aliyeufunga. Ya pili ilikuwa ya Kinoti, fundi cherehani, Mmeru mwenzetu. Ningetarajia amtetee mtu wa kwao, kumbe ndiye aliyemchoma zaidi, ili wenzake wasiseme anapendelea. Ya tatu ilikuwa ya Lokai wa mashine, aliyeketi amejaa unga hadi kwenye kope, na ambaye kwa jioni nzima angesema sentensi mbili, zote za kweli. Kupitia tundu la msumari lililokuwa sawa na jicho langu nikiwa nimepiga magoti kitandani, niliwaona wakisawazisha vumbi kwa kiganja, wakichora uwanja kwa kijiti, kisha wakipanga vifuniko vya soda. Vyekundu ni sisi, vyeupe ni wao. Mechi ya Jumapili ilichezwa tena Jumatatu, Jumanne na Jumatano, na kila mara baba alikosea kwa njia mpya. Kwa nini alimtoa winga wakati beki wao wa upande ule alikuwa anachechemea? Kwa nini alingoja hadi dakika za mwisho kubadilisha, anaogopa nani? Kocha gani anakunja mikono? Watazamaji ni watu wa ajabu, wote wanajua kufunga na hakuna aliyevaa viatu.

Mwanzoni nilipandwa na hasira, na mimi nina hasira za karibu, nimezirithi kwa mama. Nilimtazama baba kama atainuka, akohoe japo kidogo wajue yupo. Wapi! Aligeuza ukurasa wa daftari. Nikadhani basi hasikii, amejifunza kutosikia. Msema pweke hakosi, nikajiambia, waache waseme peke yao. Ilinichukua wiki kadhaa kugundua kwamba ukurasa anaougeuza ni uleule, unaenda na kurudi, na kwamba sikio lake la kushoto, lililoelekea mabati, lilikuwa linafanya kazi kuliko macho yote mawili. Sikio halilali njaa, na la baba lilikuwa linakula pale kila jioni.

Kilichofungua kinywa chake ni upepo. Yeyote aliyewahi kukaa Isiolo miezi ile ya katikati ya mwaka anaujua: unaanza saa sita kama mchezo, na ikifika saa tisa unabeba vumbi, karatasi, nguo za watu kwenye kamba, kila kitu. Uwanja wetu haukuwa na nyasi wala ukuta, upepo uliukata kutoka goli hadi goli. Baba alikuwa na sheria yake ya vitabuni: tukishinda sarafu, tuanze kucheza kinyume cha upepo wakati miguu bado mibichi, ili kipindi cha pili, wote wakichoka, upepo utusukume. Ilionekana akili. Lakini tulikuwa tunateseka kipindi cha kwanza na hatupati malipo kipindi cha pili, Jumapili baada ya Jumapili, na hakuelewa kwa nini. Ndipo jioni moja Guracha akapiga vumbi kwa kiganja na kusema, kwa sauti ya mtu anayeeleza mtoto, kwamba huyu kocha yetu ni mtu ya mlima, hajui upepo ya hapa inakufa saa kumi na moja. Mechi inaanza saa kumi. Sasa yeye anabeba mzigo wakati upepo iko, halafu anangoja msaada ya maiti. Wakacheka hadi Lokai akapiga chafya ya unga.

Baba aliinua kichwa. Nakumbuka uso wake vizuri kuliko ninavyokumbuka nyuso nyingi za watu niliowapenda. Ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa kitu kilichopotea kiko mfukoni mwake. "Kumbe," alisema. Akanitazama, akaona nami namtazama, na kwa mara ya kwanza hatukujifanya. Akaenda kwenye gunia la maharagwe kando ya jiko, akachota kiganja kimoja, akaketi na kumimina mezani. Mekundu ni sisi, meupe ni wao. "Kendi, sogea," akasema kwa sauti ya chini, ili bati lisitupeleke upande wa pili. "Wewe shika goli."

Tangu siku hiyo tulikuwa na saa yetu. Wao wakisogeza kifuniko huku nje, sisi tunasogeza haragwe ndani. Guracha akisema beki wa kati amecheza juu sana, baba anamrudisha kwa kidole nusu inchi, ananiuliza kwa macho, natikisa kichwa, anamrudisha tena. Alinifundisha kuotea kwa maharagwe. Alinifundisha kwa nini winga asiyeshuka kukaba ni mzigo hata akiwa na mbio za swala. Aliniambia mambo ya chuoni, ya rafiki yake aliyevunjika mguu, ya siku aliyomwona mama akiuza ndizi nje ya uwanja na akasahau kurudi kukaba, wakafungwa. Sikuwa najua kama baba yangu ana hadithi. Shuleni niliendelea kula mandazi yangu kando ya tangi, lakini sasa nilikuwa nasubiri tu. Kengele ya mwisho ikilia nilikimbia nyumbani, nikawasha jiko, nikapanga maharagwe kabla mashine haijazimwa. Saa ile ilikuwa yangu yote, na sikuwa na kingine chochote cha kuogopa kupoteza katika mji ule.

Timu ikaanza kushinda. Jumapili ya kwanza nahodha alichagua upepo, tukafunga mawili mapema, na ulipokufa saa kumi na moja wenzetu walibaki wakipiga mipira mirefu isiyofika. Bunge lilishangaa kesho yake. Kinoti alisema ama kocha amefunguka macho, ama ameota. Guracha alisema kwa kiburi kwamba kila mtu mwishowe hujifunza ardhi inayomlisha. Lokai, kwa sentensi yake moja ya jioni hiyo, alisema, "Bati ni nyembamba." Wengine wakaendelea na mambo ya kipa kana kwamba hakusema neno. Mimi upande wangu nilizuia kicheko kwa shuka. Baba alikuwa anatabasamu mezani, peke yake, akizungusha haragwe moja kati ya vidole.

Tukafika fainali ya kombe la mtaa, tucheze na timu kutoka Burat, na zawadi ilikuwa fahali mweusi ambaye alikuwa tayari amefungwa nje ya ofisi ya chifu kila mtu amtamani. Wiki ile Bunge lilijaa hadi watu wakakosa madebe. Nilisikia mpango ukipikwa jioni tatu mfululizo. Upepo kwanza, hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya Ekai, mshambuliaji wetu, kijana wa Kiturkana mwenye kifua kipana ambaye mpira ukimfika mbele ulikaa naye kama mtoto mgongoni. Guracha alisema tukipata bao moja kipindi cha kwanza, Ekai atolewe mapumzikoni, aingie beki wa tano, tufunge duka. Upepo umekufa, sisi tuko mbele, mshambuliaji wa kazi gani? Kinoti akaunga mkono, na Bunge zima likaitikia. Lokai peke yake alisema Ekai akitoka mpira hautakuwa na mahali pa kulala, lakini penye wengi pana mengi, na hakusikika.

Ndani, baba alikuwa ameshika haragwe la Ekai juu ya meza, haliingii wala halitoki. Alinong'ona kwamba Lokai ana hoja. Akalichungulia tena, akalirudisha kwenye gunia. Nikamwuliza kwa nini, kama haamini. Akaniambia kwamba juu ya upepo pia yeye alidhani anajua, na wao ndio walikuwa wanajua. "Hawa ni wenyeji," alisema. "Uwanja ni wao, upepo ni wao." Nilikuwa nimefurahi tu kwamba ananieleza.

Siku ya fainali mawingu yalikuwa yamelala juu ya Nyambene, mazito na meusi chini. Baba alizaliwa katika milima ile. Mtoto yeyote wa kwetu anajua kwamba mawingu yakilala hivyo mchana, upepo hauendi kulala, unakuja kuyachukua. Nilimwona wakati wa kurusha sarafu ameipa mgongo timu yake, anatazama milima ya kwetu, muda mrefu, mkono juu ya macho. Kisha akageuka, akamwonyesha nahodha upande wa upepo, kama ilivyopangwa. Tulifunga dakika ya ishirini, Ekai huyo huyo, kwa kifua na goti. Watu walivamia uwanja, vumbi likapanda. Mapumzikoni upepo ulikuwa bado unavuma, na saa kumi na moja ilikuwa imefika. Baba alitembea hadi kwa Ekai, akamwekea mkono begani, na yule kijana akavua jezi, akaenda kukaa mbali na wenzake. Kipindi cha pili hakikuwa mpira, yalikuwa mateso. Kila tulipopiga mbele upepo uliurudisha, na hapakuwa na mtu wa kuushika. Mabeki watano walisimama mbele ya goli kama watu wanaosubiri mvua ipite. Burat walisawazisha kwa mpira wa adhabu uliopinda hewani. La pili lilikuja wakati mwamuzi ameshaangalia saa yake. Fahali alipelekwa Burat akiwa ameimbiwa, na sisi tulirudi Kiwanjani kwa miguu, baba mbele, mimi nyuma yake. Wote tuliokutana nao walimpa mkono. Ndiyo mpira, Daktari. Asiyekubali kushindwa si mshindani, Daktari.

Kesho yake mashine ilizimwa mapema. Nilikuwa nimepanga maharagwe. Baba aliketi, hakuyatazama. Nje Guracha alianza kabla hata ya kuchora uwanja, sauti juu kwa hasira, na maneno yake nayakumbuka kama yalivyo.

"Nani aliambia huyu mtu atoe Ekai?" alisema. "Mimi nauliza, nani? Hata mtoto wa kuchunga mbuzi hawezi toa Ekai. Na upepo, wallahi, si aliona mawingu? Mtu ya mlima, haoni mawingu ya kwao!"

Kinoti akasema yeye alijua tangu mwanzo. Mwingine akasema kamati ikae, itafute mtu mwingine. Bunge likaitikia, kwa sauti zilezile zilizoitikia wiki moja kabla. Nikamtazama baba. Alikuwa ameinamisha kichwa, viganja viwili mezani. Basi nikashikwa. Sikufikiri, na kama ningefikiri ningekaa. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka posho mill mbio, nikasimama katikati ya uwanja wao wa vumbi, mguu wangu juu ya vifuniko vyekundu.

"Ni nyinyi!" niliwaambia. "Nyinyi ndio mlisema Ekai atoke. Guracha, ulisema tufunge duka. Baba anawasikia kila siku. Anafanya vile mnasema, tunapanga na maharagwe, hata upepo ni nyinyi mlimwambia. Alitaka kumwacha Ekai uwanjani, akaamini nyinyi."

Nilitarajia wakane. Nilikuwa tayari kwa ugomvi, nilikuwa nimekuja na ushahidi wote, siku na jioni. Hawakukana. Guracha alinitazama, kisha akalitazama bati, na nikaona uso wake ukibadilika pole pole, hasira ikatoka na kitu kibaya zaidi kikaingia. Alikuwa ameona haya. Mtu mzima, dalali wa soko zima, alivua kofia yake akaishika kifuani mbele ya mtoto. Kinoti aliangalia viatu vyake. Watu walianza kuinuka bila kuagana, wakirudisha madebe ya Lokai ukutani taratibu, kama watu wanaotoka nyumba ya msiba. Lokai alibaki mwisho. Aliniambia, bila ukali wowote, "Kasichana, mambo mengine yanajulikana, lakini hayasemwi." Kisha akaenda kufunga mlango wa mashine.

Nilirudi ndani nikingoja kuadhibiwa. Baba alikuwa amekwisha kuyarudisha maharagwe guniani. Alinimiminia chai, akaniambia ninywe kabla haijapoa. Sauti yake haikuwa na hasira yoyote, na hilo liliniogopesha.

Siku ya pili walikuja rasmi, Guracha na Kinoti na wazee wawili wa kamati, kwa mlango wa mbele safari hii. Walileta sukari na majani ya chai. Walikaa kwenye kitanda changu na kwenye viti vyetu viwili, magoti yamegusana, wakaomba radhi. Guracha alisema wamemsema mtu ndani ya nyumba yake, mtu anayewatibia mali yao, na hilo si jambo la watu. Alisema hawakujua kwamba anasikia. Ulikuwa uongo wa heshima, kila mtu pale alijua, na baba akaupokea kwa heshima. Akasema hakusikia kitu, mtoto alikuwa na homa. Wakanywa chai. Wakamwomba aendelee na timu, tena kwa moyo, na hakuna aliyetaja Ekai. Nilisimama kando ya jiko nikafurahi, Mungu anisamehe. Nilidhani nimemshindia baba yangu. Nilidhani alasiri ikifika tutapanga tena maharagwe, na sasa watasema kwa adabu zaidi.

Alasiri ilifika, mashine ikazimwa, masikio yakavuma. Hakuna aliyekuja. Wala kesho yake, wala wiki ile yote. Walikuwa wamelihamisha Bunge hadi upande mwingine wa mji, karibu na soko la mifugo, wasije wakamvunjia tena heshima. Baba aliketi mahali pake kila siku saa ileile, daftari wazi, sikio limeelekea bati, na nyuma ya bati kulikuwa na kuku wa Lokai akiparua. Siku moja nilimwaga maharagwe mezani mwenyewe, nikapanga mekundu na meupe, nikamwuliza beki akae wapi. Aliyatazama kwa upole. "Yapike tu, Kendi," alisema. "Yataliwa na wadudu." Nikayapika. Tukarudi kwenye umekula, nimekula, umefunga, nimefunga. Timu haikufanya vibaya wala vizuri. Mitaani walizidi kumheshimu, na mwisho wa mwaka alipoomba uhamisho walimfanyia sherehe na kumvika shuka mpya. Kila aliyesimama kutoa hotuba alimsifu, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kitu.

Sasa ninaishi Nairobi, katika jumba la ghorofa sita ambalo kuta zake ni za mawe, na simu yangu imejaa watu wanaowakosoa makocha. Saa yoyote ninayoifungua, wako humo. Wanamtukana kocha kabla hajafika chumba cha kubadilishia nguo, wanamtaja mama yake, wanamtumia yeye mwenyewe asome kwa jina lake, na hakuna anayevua kofia. Wakati mwingine nasoma hadi macho yanauma nikitafuta mtu mmoja aliyeweka hoja, mtu wa kusema beki amesimama juu sana. Ninapata matusi mia na hoja moja. Zamani nilidhani watu wa Kiwanjani walikuwa wanafiki, kumchekea mtu mchana na kumchinja jioni. Siku hizi nadhani walikuwa wamegundua namna ya kumwambia mtu ukweli bila kumnyang'anya uso wake, na mimi niliivunja kwa dakika moja, kwa mapenzi.

Baba amestaafu, yuko Maua. Mama alitangulia miaka mitatu iliyopita, na wadogo zangu wamehama, kwa hiyo anaishi peke yake na shamba lake la chai. Hupiga simu Jumapili. Mwezi uliopita, baada ya mechi moja kubwa ambayo sote wawili tuliitazama, yeye kwake na mimi kwangu, tulianza kubishana kuhusu kocha aliyemtoa mshambuliaji akiwa anaongoza, na ghafla nikasikia sauti yangu inauliza jambo ambalo nililibeba miaka yote hiyo. Nilimwuliza kama alinisamehe kwa siku ile.

"Hukukosea," alisema. "Ulinitetea, na ulikuwa mtoto. Lakini nitakwambia ukweli, Kendi, kwa sababu umeuliza. Wale ndio waliokuwa watu wangu. Katika mji ule sikuwa na mtu mwingine wa kukaa naye."

Nikamwambia ndiyo, Baba, naelewa. Nikamwuliza habari za goti lake, na kama mvua imeanza, akanijibu yote mawili. Tulipokata simu niliendelea kuishika sikioni muda mrefu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, na kila jioni nilikuwa nimekaa naye meza moja.